Mbwa kanenepa na mwenyewe kanenepa, tuanzie wapi?

SWALI: Assalaam alaykum dokta. Nakaa Mbweni, nna mbwa wa ulinzi dume wa miaka 5, mchana kutwa yuko kwenye mnyororo usiku namfungulia uwani. Siku hizi kanenepa, geti likigongwa anainua kichwa tu. Na mie nimepimwa presha nimeambiwa nitembee. Nilijaribu kutoka nae akanivuta mpaka bega likauma, nkaacha. Tutembee muda gani, saa ngapi, na majirani je?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Kwanza hakikisha kweli ni mafuta. Nyoosha mkono wako, papasa mgongo wa kiganja, mifupa unaisikia lakini haijachomoza, basi na mbavu za mbwa ziwe hivo hivo. Ukizipapasa ukapata kama upande wa ndani wa kiganja, kule kwenye nyama, huyo kanenepa.

Saa ndo muhimu kuliko dakika. Mbwa hatoki jasho kama sisi, joto analitoa kwa kuhema, na hewa yetu ya pwani ikiwa nzito kuhema huko hakumsaidii sana, sasa wakati wa kaskazi mbwa mnene utamuua kwa matembezi ya saa 4 asubuhi. Toka alfajiri ukishasali, au jioni jua likishapoa. Lami iguse kwa mgongo wa mkono sekunde 7, ikikuunguza na yeye inamuunguza. Ukiona anahema kwa nguvu hatulii, mate mazito, fizi nyekundu au anapepesuka, simama hapo hapo kivulini, mmwagie maji ya kawaida, mpepee, halafu mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama kazindukana.

Wiki ya kwanza dakika 10 mpaka 15 asubuhi na jioni zinatosha, kila wiki ongeza 5 mpaka mfike nusu saa kwa mkupuo. Nusu saa siku 5 ndo zile dakika 150 kwa wiki wanazoambiwa watu wazima, kwa hiyo dozi yenu ni moja, ila kwa presha yako msikilize daktari wako sio mie wa wanyama. Na mbwa akikaa chini njiani usimburute, kachoka.

Kuvuta: mnyororo wacha nyumbani. Tafuta mkanda wa kifuani wenye pete mbele ya kifua, akivuta anajigeuza mwenyewe. Kamba ikikaza tu wewe simama kimya, usimkaripie, ikilegea endelea. Siku za mwanzo hamtovuka hata nyumba ya tatu na watoto watawacheka, wacheke tu.

Majirani wana haki yao, mate ya mbwa ni najisi na mtu katoka msikitini na kanzu yake hataki kuanza kuosha mara saba. Kamba iwe fupi, njia ya msikiti ikwepeni watu wanapotoka, mkikutana na mtu pisheni nyie. Na chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijapitwa, kadi iweke.

Maji yakitoka pwani kuna mchanga mgumu mzuri wa kutembea, ila chunga asile bunju, yule samaki wa sumu anaejivimbisha, aliekufa ufukweni, ile sumu haina dawa yake, na asinywe maji ya chumvi, beba chupa yako.

Sasa chakula, mana hapa ndo watu wengi hukwama. Matembezi peke yake hayampunguzi mbwa anaemwagiwa sufuria zima la wali na ukoko kila usiku. Punguza kidogo kidogo, mgaie mara mbili kwa siku, na asile kisha akakimbizwa hapo hapo, hasa kama ana damu ya mbwa polisi, tumbo la hawa hujaa gesi likajipinda. Mkirudi mpekue kupe masikioni na kati ya vidole. Akichechemea au akakohoa mkitembea, simamisha zoezi umlete nimuone.