Mdogo wangu wa Kasulu, habari za kamera ziache kwanza

Binti mmoja wa Kasulu kaniandikia: "Dada, nimeona dokumentari yako. Na mimi nataka kutengeneza ya mabinti waliobakwa. Ninunue kamera gani?" Simu yako inatosha, mdogo wangu. Hela weka kwenye maiki.

Vibali sina hadithi navyo: Bodi ya Filamu, Ustawi wa Jamii, serikali ya mtaa. Utazungushwa, utavipata.

Kazi yenyewe ni kumficha binti. Wengi mnadhani ukiziba sura umemaliza. Ujiji hii? Huku mtu anajulikana kwa kikohozi! Binti wa kwanza kukubali kuongea na mimi alitaka tukae nje, anaanika dagaa huku anasimulia, mama yake mdogo yuko pembeni. Ningerekodi mikono tu, ingependeza kweli. Lakini kovu la kidole je? Ile kanga? Mlango wa jirani? Na sauti? Kamera nikaiacha kwenye begi, nikachukua sauti peke yake. Maneno yake akaja kuyasoma msanii wa kike kutoka Tabora, na kwenye picha nikaweka mitumbwi alfajiri na chanja tupu.

Tulipoionyesha Kigoma mjini, wamama waliokaa mbele yangu walibishana ni mtoto wa nani. Walitaja majina, hakuna aliyepatia. Mwenyewe alikuwa safu ya nyuma anatafuna karanga. Sijawahi kupewa tuzo, ila siku ile nilitembea kama niliyepewa.

Kituo kimoja cha televisheni kiliikataa. Eti haina machozi, sura ndiyo inauza. Baadaye wakarusha ya mwenzangu: mtoto analia mbele ya kamera, na sare ya shule kaivaa. Mpaka leo nikikiona kituo kile nabadilisha chaneli.

Ndugu zangu waandaaji, tuambizane ukweli. Mahakama zetu zenyewe husikiliza ushahidi wa makosa ya kujamiiana kwa faragha. Hakimu kafunga mlango, wewe unaufungua ili upate watazamaji? Mtu mzima akitiwa hatiani kwa kubaka hafungwi chini ya miaka 30. Unadhani ndugu za mbakaji hawana simu za kuangalia video yako na kumtambua binti? Kesi ikiwa inaendelea, kaa mbali. Ukikuta jambo ambalo wazee wanataka kulimaliza kwa mbuzi, usirekodi: nenda Dawati la Jinsia polisi, au piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Kama ni la jana au juzi, awahi hospitali kabla ya saa 72, apate dawa za kuzuia VVU. Filamu itasubiri.

Ukimaliza kuhariri, mtazamaji wa kwanza awe yeye. Wangu alitaka kitolewe kipande cha bibi yake, kipande nilichokipenda kuliko vyote. Nikakitoa. Na akikwambia hataki tena hata kidogo, futa yote, na ile fomu ya kukubali kurekodiwa aliyosaini mlezi wake usithubutu kuitoa mfukoni.