Kabla ya kuposa, ulizia herufi zenu

Harusi yetu kule Wete, Pemba, tulipima kila kitu, mpaka vibaba vya mchele wa biriani. Damu hatukupima. Mtoto wetu alipofika miezi minane akavimba vidole vya mikono na miguu, ukimgusa analia. Bi mkubwa akasema baridi hiyo, mkande. Nikamkanda wiki nzima.

Kumbe ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mie na mume wangu sote AS, yaani kila mmoja kabeba jeni moja nzima (A) na moja mbovu (S), na hatuna habari.

Aliyenifahamisha ni mdogo wangu, anasomesha bayolojia skuli. Aliandika nyuma ya kalenda: ALIALAKAA. "Soma tatu tatu," akaniambia. Ali ala kaa. DNA, yale maandishi ya urithi mwilini, nayo husomwa hivyo, kila herufi tatu huita asidi amino moja, kipande cha kujengea protini. Akabadili k ikawa t: Ali ala taa. Si kitu, taa naye samaki, bado kitoweo cha pwani. Mabadiliko mengine ya DNA hayabadilishi hata kitoweo: herufi GAG zikiwa GAA, asidi ni ile ile. Kisha akatia j: Ali ala jaa, yaani jalala. Nikacheka, halafu nikanyamaza. (Kufuta herufi ni balaa jengine, futa l ya kwanza, zote zinasogea, unabaki na "aia lak aa".)

Badiliko la mwanangu ni la jaa. Kwenye jeni ya beta-globini, sehemu ya protini ya damu inayobeba oksijeni, kromosomu ya 11, GAG imekuwa GTG, asidi glutamiki ikawa valini. Mnyororo wa asidi amino 146 umebadilika moja tu, na oksijeni ikipungua chembe nyekundu ya damu hujipinda kama mundu. Mwanasayansi Vernon Ingram aliligundua badiliko hilo la asidi amino mwaka 1957.

Jeni hiyo tunarithi mbili, moja kwa kila mzazi. Mwenye herufi mbovu upande mmoja ni AS. Kwa kawaida haumwi, tena humkinga na malaria kali, ndiyo maana imetuganda. Wazazi wakiwa AS wote, kila mimba ina robo ya kuwa SS, mbovu zote mbili, ndiye mgonjwa. Kila mimba, jamani! Jirani aliniambia "keshaumwa mmoja, watatu wajao salama." Sivyo.

Basi pimeni kabla ya posa, na muulize kipimo gani. Mie nilianza na kile cha haraka cha darubini, nikaambiwa mgonjwa. Nililia siku mbili. Hicho hakitofautishi AS na SS, na mtoto mchanga chaweza kumkosa. Ombeni elektroforesi, inaandika AA (nzima zote mbili), AS au SS.

Mwanangu sasa ana miaka sita. Kidonge cha foliki kila asubuhi, maji kwa wingi, na akipata homa hatumkandi, twenda hospitali siku ile ile.