Glavu za Nakshi kwa Uzi Mnene: Wasomaji Wanauliza

SWALI: Nimenunua uzi mnene wa sufu, mwekundu na mweupe, nifume glavu za gumba, zile ambazo vidole vinne hukaa pamoja. Nimechagua ile nyota ya Kinorwe yenye pembe nane. Mchoro wake una upana wa vitanzi 27. Glavu imetoka kubwa hata mtoto angeivaa kichwani. Tatizo ni nini?
Mama Neema, Oslo

JIBU: Mama Neema, mkono wako hauna kosa, kosa ni mchoro. Nyota hiyo ya Selbu, eneo la Norwe, hufumwa kwa uzi mwembamba. Uzi mnene hutoa vitanzi 12 hadi 15 tu kwa sentimita 10. Ukipata 14, mchoro wako unakula sentimita 19 upande wa mbele peke yake, na kiganja bado hakijafumwa.

Anza na mkono, si mchoro. Pima mzunguko penye vifundo vya vidole, ukiacha gumba. Tuseme ni sentimita 19. Kitambaa cha nakshi kina nyuzi mbili, kwa hiyo kinafika unene wa milimita 4 hivi, na unene huo hupunguza nafasi ya ndani kwa sentimita 2.5. Ongeza sentimita moja ya kupumulia: 22.5. Zidisha kwa 1.4 (vitanzi 14 kwa sentimita 10 ni 1.4 kwa sentimita moja), unapata 31.5, basi weka vitanzi 32. Watu wengi husahau unene huo, halafu wanashangaa glavu kubana ilhali vipimo vya nje viko sawa.

Pindo la kifundo cha mkono: vitanzi 28 kwa sindano ya milimita 5, viwili kawaida, viwili kinyume, hadi sentimita 7. Kisha hamia sindano ya 6.5 na uongeze kitanzi kimoja kila baada ya saba. Kwa 32, chagua nakshi inayojirudia kila vitanzi 4: vidoti, miraba midogo, mawimbi. Gramu 100 za rangi kuu na 50 za nakshi zinatosha jozi moja.

Nyota ukiitaka kwa lazima, fuma mgongo wa glavu kwa rangi moja, kisha idarizi juu ya vitanzi, isizidi upana wa vitanzi 13. Hata glavu nene za Lovikka, kaskazini mwa Sweden, urembo wake ni wa kudarizi kwenye pindo.

SWALI: Huku kwetu uzi mnene haupatikani, nafuma kwa nyuzi mbili za sweta pamoja. Sehemu ya nakshi inajikunja, na vidole vinanasa kwenye nyuzi za ndani.
Msomaji, Njombe

JIBU: Nyuzi mbili pamoja ni sawa kabisa, mradi ufume kwanza kipande cha majaribio, tena kwa kuzunguka na kwa rangi zote mbili. Kipande cha rangi moja kitakudanganya, kwa sababu nakshi hubana zaidi.

Kujikunja kunatokana na kuvutwa kwa uzi wa nyuma, yaani ule wa rangi ambayo hufumi kwa wakati huo. Kabla ya kubadili rangi, tandaza vitanzi vilivyo kwenye sindano ya kulia, ndipo uupitishe uzi. Ukiona bado unakaza, geuza kazi, upande wa ndani uwe nje, uendelee kufuma ukiwa hivyo. Uzi utalazimika kupita njia ndefu zaidi.

Kunasa ni suala la urefu. Kitanzi kimoja hapa ni milimita 7, kwa hiyo uzi wa nyuma usiruke zaidi ya vitatu. Mchoro ukidai rangi moja kwa vitanzi vinne au zaidi, shika uzi wa nyuma katikati kwa kuusokota na uzi unaofuma, na mzunguko unaofuata uushikie mahali pengine, la sivyo mstari utajitokeza mbele.

SWALI: Nakshi ya glavu ya kulia imekolea, ya kushoto imefifia. Uzi ni uleule.
Msomaji, Limuru

JIBU: Umebadilisha mpangilio wa nyuzi. Uzi unaopita chini hutoa vitanzi vikubwa kidogo, hivyo rangi yake hujitokeza. Rangi ya nakshi ipite chini, ya msingi juu, kwenye glavu zote mbili bila kubadili. Kufua hakutarekebisha hilo. Fumua ya kushoto.

SWALI: Kwa nini linabaki tundu kwenye shina la gumba?
Msomaji, Iringa

JIBU: Kwa sababu pengo kati ya gumba na kiganja halikuokotewa vitanzi. Ukishatanua gumba hadi vitanzi 9, okota 3 zaidi pengoni, uvisokote unapovifuma mara ya kwanza. Gumba la vitanzi 12, rangi moja tu.