Maswali ya Wasomaji: Tulikosa Mahamri Kibokoni

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi na mume wangu tulisafiri kutoka Eldoret hadi Mombasa, na nililolitamani kuliko hata bahari ni mahamri na mbaazi za nazi katika Mji wa Kale. Tulifika Kibokoni saa 10 alasiri. Hoteli ya kwanza tuliikuta imefungwa. Ya pili ilituletea mahamri yaliyopoa na kukakamaa, pamoja na maharagwe. Je, tulifanyiwa hivyo kwa sababu tu wageni? Tafadhali tutajie hoteli iliyo bora, kwani tunakusudia kurudi. (Msomaji, Eldoret)

JIBU: Dada yetu, pole kwa yaliyowafika. Sidhani kwamba mlidharauliwa, ingawa mwenye hoteli ya pili angefanya uungwana kuwaambia kwamba mbaazi zimekwisha. Mahali hamkukosea, mlikosea saa.

Mahamri ni chakula cha asubuhi. Unga hukandwa kwa tui, sukari, hiliki na hamira, ukaachwa uumuke, mara nyingi usiku kucha, ili alfajiri mpishi awe na kazi ya kusukuma, kukata na kukaanga tu. Andazi likitoka kwenye mafuta huwa limefura na ndani lina uwazi. Likikaa hadi alasiri hunywea na kuwa kama mlivyolikuta. Mbaazi nazo hupikwa kwa tui zito, na kwa joto la Mombasa tui huchacha upesi, kwa hiyo mpishi mwenye kujali hupika kiasi cha kumalizika kabla ya adhuhuri. Mimi binafsi huziogopa mbaazi za nazi zinazouzwa jioni.

Ndiyo maana nasita kuwatajia hoteli moja. Barabara ileile ya mji huu hubadilika kwa kufuata saa. Mchana ni zamu ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, na siku ya Ijumaa, baada ya sala, watu hutafuta biriani, nanyi mkichelewa mtaambulia masala bila nyama. Jua likizama, makaa huwashwa kando ya njia, na hapo ndipo penye mishkaki, viazi karai na mkate wa mayai. Wanaotaka upepo huenda ufukweni Mama Ngina wakale mihogo kwa pilipili na ndimu, washushie kwa madafu.

Saa 10 ile mliyofika ilikuwa saa ya kahawa. Neno mkahawa lenyewe limetokana na kahawa, lakini kahawa tungu ya Mombasa hainyweki vizuri ndani ya mkahawa. Hunywewa barazani, kutoka kwa muuzaji mwenye dele lililokaa juu ya makaa, anayegonganisha vikombe ili asikike. Haitiwi sukari, na kikombe ni kidogo kwa makusudi: utamu huja na tende, kashata au kipande cha halua, na mazungumzo huleta kikombe cha pili. Mgeni akitoa salamu kwanza, husogezewa nafasi. Kama uchungu utamshinda mume wako, aagize chai ya mkandaa, yaani chai isiyo na maziwa. Mkandaa ni mti wa mikoko ambao gome lake hutoa rangi nyekundu, lakini chai hii haina gome hilo ndani yake, imeitwa hivyo kwa wekundu wake tu.

Mkija katika mwezi wa Ramadhani, hesabu hii yote hugeuka: hoteli nyingi za Mji wa Kale hufungwa mchana, na meza za kachori, bhajia na mkate wa sinia hutandazwa njiani magharibi inapokaribia.

Kwa safari ijayo, basi la usiku likiwashusha Mombasa alfajiri, msiende kulala kwanza. Kamateni tuktuk hadi Kibokoni, muingie katika hoteli yoyote ambayo wachukuzi na walimu wamesimama mlangoni wakingoja karai itoe mkupuo mwingine, kisha muulize mbaazi kabla ya kuketi.