Tairi kwanza, rimu baadaye

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wenye magari ya kazi mbili: siku za kawaida yanakwenda kazini, siku ya mashindano ya dragi, yaani ya kukimbia moja kwa moja, yanapangwa kwenye mstari wa robo maili. Nimechukua maswali matano.

Gari langu lina nguvu za farasi 650 na linasukuma nyuma. Nina rimu za inchi 20 na matairi ya 305/30. Nikiondoka, linasugua lami tu. Wenzangu wanasema nishuke hadi rimu ya 15. Si nitakuwa nimerudi nyuma?

Hapana, na hesabu fupi itakuonyesha. Namba ya pili kwenye tairi ni asilimia. Ubavu wa tairi lako ni asilimia 30 ya upana wa milimita 305, yaani milimita 91 na ushei. Tairi la 275/60R15 ni jembamba zaidi, lakini ubavu wake ni milimita 165. Hapo ndipo penye siri ya kuondoka. Nguvu ikishuka kwenye ekseli, ubavu mrefu hujikunja, hupokea mshtuko, na tairi hulala chini kwa urefu zaidi. Ubavu mfupi hauna pa kujikunja. Mshtuko wote unafika kwenye lami kwa mpigo mmoja, na tairi linaanza kuzunguka bure.

Kikwazo ni breki. Magari mengi ya siku hizi yana diski kubwa zisizoingia ndani ya rimu ya 15. Kabla hujatoa pesa, azima rimu tupu isiyo na tairi, ifunge, izungushe kwa mkono na uchungulie kwa tochi kati yake na kaliba, ile sehemu inayobana diski ya breki. Ikigusa, tafuta ya 17 na tairi kama 305/45, lenye ubavu wa milimita 137 hivi. Kwa gari la kila siku, mimi ningechukua hiyo ya 17 badala ya kuweka breki ndogo. Gari zito lenye kasi linahitaji breki zake zote.

Naweza kutembelea sliki barabarani?

Usithubutu. Sliki ni tairi la kipara la mashindano. Halijaidhinishwa kwa barabara, na maji kidogo tu yanalifanya lielee. Chukua radiali za dragi, yaani matairi ya mashindano ambayo nyuzi zake za ndani zimepita moja kwa moja toka ukingo hadi ukingo, zenye kibali cha barabarani. Mpira wake ni laini sana. Baadhi huandikwa 00 kwenye kipimo cha uvumilivu (jinsi tairi linavyochelewa kulika) kilichochapwa ubavuni, ilhali matairi ya kawaida husoma mamia. Kwa hiyo yataisha upesi. Mifereji yake nayo ni michache, basi mvua ikikukuta njiani punguza mwendo sana, na ikizidi, egesha. Nasema hivi kwa uzito: anayegongwa na gari lililoelea mara nyingi ni mtu asiyejua hata kama mashindano hayo yapo.

Upepo kiasi gani?

Barabarani, fuata kiwango cha mtengenezaji. Kwenye mstari, radiali za dragi huanzia kati ya psi 15 na 20 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo). Pima baada ya kuchoma tairi, yaani kulizungusha papo hapo lipate joto, kwa sababu joto hupandisha upepo, kisha shusha nusu psi kila safari ukiangalia alama nyeusi unayoacha. Ikiwa imekolea katikati na kufifia pembeni, upepo bado ni mwingi.

Halafu chukua chaki, chora mstari mmoja unaotoka kwenye rimu kupanda ubavu wa tairi. Ondoka mara moja, shuka uangalie. Mstari ukiwa umekatika, kipande cha tairi kimeachana na cha rimu, tairi linateleza juu ya rimu. Ongeza upepo, au tafuta rimu zenye pete ya kubana ukingo wa tairi. Na kabla hujarudi barabarani, jaza upepo. Ubavu uliolegea kwenye kona ya kasi hauna msamaha.

Mbele niweke matairi membamba kama ya wenye mashindano?

Siku ya mashindano, sawa, yanapunguza uzito. Siku nyingine, hapana: unapofunga breki, uzito unahamia mbele, na hapo ndipo unapohitaji mpira. Na usichanganye radiali nyuma na matairi yasiyo radiali mbele, au kinyume chake. Gari litayumba likishika kasi.

Rimu mpya inagusa kwa ndani. Niweke spesa, kile kisahani cha kusogeza rimu nje?

Spesa nyembamba iliyobanwa vizuri haina tabu, lakini inakula urefu wa stadi, zile boliti zinazoshika rimu. Nati inapaswa kushika uzi usiopungua kipenyo cha stadi: stadi ya milimita 12, ushiko wa milimita 12 au zaidi. Kama haufiki, weka stadi ndefu. Hakikisha pia umbo la nati linalingana na tundu la rimu, kwani nati ya koni kwenye tundu lenye kikalio cha umbo la tufe hulegea yenyewe. Kaza kwa spana ya kupimia, tembea kilomita 80 hivi, kisha rudia kukaza.