Ufunguo ni Ule Ule, Mbona Haufungui?

Juzi kijana mmoja wa Shela aliniandikia akilalamika kwamba jedwali lake la heshi (ghala la data ambamo kila thamani hutafutwa kwa ufunguo wake), katika lugha ya programu ya Common Lisp, linapokea bei za bidhaa kisha linakataa kuzitoa. Nilipousoma ujumbe wake nilirudi moja kwa moja kwenye mizani ya samaki hapa Lamu, asubuhi niliyoaibishwa.

Mfanyabiashara mmoja alinipa kazi ya kuandika programu ya hesabu za wavuvi, ambamo jina la samaki lingekuwa ufunguo na bei ya kilo ndiyo thamani yake. Siku ya kwanza mvuvi alipandisha nguru kwenye mizani, maji yakimchuruzika hadi miguuni. Nikaandika "nguru", nikapata NIL, yaani hakuna kitu. Nikarudia, NIL. Mfanyabiashara aliifunga kompyuta yangu kwa mkono wake, akachukua daftari, akaniita mtu wa maneno matupu mbele ya wazee. Neno hilo halijanitoka moyoni.

Kosa lilikuwa hili: jedwali linaloundwa na make-hash-table, lisipoelekezwa, hulinganisha funguo kwa kipimo kiitwacho eql, na eql haisomi herufi za maandishi, bali huuliza kama ni kitu kile kile kimoja kwenye kumbukumbu ya kompyuta. "nguru" niliyoihifadhi na "nguru" niliyoiandika mizanini zilikuwa pacha, hazikuwa kitu kimoja. Nyumbani majaribio yangu yalifaulu kwa kuwa kompaila, yaani kitafsiri cha programu kwa lugha ya mashine, ina ruhusa ya kuunganisha maandishi yanayofanana ndani ya faili moja, nami nikadhani nimemaliza kazi.

Dawa yake ni kuandika (make-hash-table :test 'equal), ili herufi zenyewe zilinganishwe, au equalp ikiwa mnataka "Nguru" na "nguru" zihesabiwe sawa. Tena, gethash, amri ya kutafuta ufunguo jedwalini, hurudisha majibu mawili, na la pili ndilo linalosema kama ufunguo upo. Bila hilo hamtatofautisha samaki asiyejulikana na samaki ambaye thamani aliyowekewa ni NIL. Ndugu zangu mnaotaka kula kwa kazi hii, jaribuni programu kwa maandishi yanayotoka kwenye kibodi, si yale mliyoyapanga wenyewe ndani ya faili, na mfanye hivyo kabla hamjasimama mbele ya mtu aliyekesha baharini akingoja haki yake. Hata anayetumia orodha ya jozi za ufunguo na thamani, akitafuta kwa assoc, asijidhani amesalimika, kwani nayo huanza na eql mpaka ielekezwe vinginevyo.

Jioni kijana alijibu: "Limefunguka, kaka."