Joto la asubuhi na siku za kushika mimba

Mdogo wangu wa Nkuhungu, Dodoma, umeuliza kwa nini kipimajoto kilisoma 36.4 juzi na leo 36.8, na kama ndiyo siku ya kutafuta mtoto. Kwanza, unapima saa ngapi? Kama umeshatoka kuchota maji kwenye baridi hii ya Julai, kipimo hicho hakikusaidii. Pima ukiamka tu, bado uko kitandani, hujanywa hata maji, saa ileile kila siku. Nunua cha dijitali chenye tarakimu mbili baada ya nukta, maana joto hupanda kidogo sana: nyuzi 0.2 hadi 0.5.

Wengi hapa ndipo tunapokosea, nami nilikosea miezi miwili: joto hupanda yai likishatoka, na yai haliishi zaidi ya saa 24. Ukisubiri lipande umeshachelewa. Siku zenyewe ni zile tano kabla ya yai kutoka na siku lenyewe linapotoka, ukiona ute wa ukeni unaovutika kama ute wa yai bichi la kuku. Joto likikaa juu siku tatu mfululizo linathibitisha tu kwamba yai limeshatoka. Ukiwa na malaria, siku hizo usizihesabu.

Mkimaliza mwaka bila kitu, au miezi sita kama umefika 35, nendeni hospitali wote wawili.